Hamisi Halali Mchana

Juzi mke wa mwanangu alirudi kutoka sokoni na kipande cha shubiri kilichofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Mjukuu wangu amefikia umri wa kuachishwa ziwa, na vijana wa siku hizi, pamoja na yote wanayoyasoma, wakikwama hurudi kwenye dawa za bibi zao. Alikiloweka kikombeni, akakiweka dirishani, akaendelea na shughuli zake. Mimi nilikuwa nimekaa nachambua mchele. Wenzangu wa rika langu mnaijua harufu ya shubiri, jinsi inavyokuwa chungu hata kabla haijagusa ulimi. Iliponifikia nikaweka ungo chini. Nikamwambia, “Kiondoe kile kikombe, mama, kinanichafua roho.” Akakiondoa, akidhani ni mambo ya uzee, nami sikumsahihisha.

Ni shubiri ya namna hiyo hiyo mama yangu aliyojipaka siku alipomwachisha mdogo wangu Hamisi. Tulikuwa tunakaa Tabora, mtaa wa Gongoni, enzi ambazo bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea pale boma. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu na kaptula barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Mimi nilikuwa binti wa kuweza kuteka maji na kuchochea moto, lakini bado nikiogopa kuingia stoo peke yangu. Hamisi ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia, na alikuwa akikimbia zaidi ya miguu yake ilivyoweza. Kati yangu na yeye walizaliwa wengine ambao hawakukaa. Ndiyo maana mama alimnyonyesha bila kumkatalia saa wala mahali, na kila adhuhuri, baada ya chakula, alijilaza naye mkekani mpaka ziwa lenyewe limdondoke mdomoni kwa usingizi.

Kisha mama akaanza kukohoa. Alikohoa masika yote, akapungua mpaka bangili zikawa zinapanda na kushuka mkononi. Alipokwenda hospitali kule Kitete alirudi kufungasha tu. Ugonjwa ulikuwa wa kifua, na wagonjwa wa kifua walilazwa miezi, tena mbali na watoto. Basi ikabidi Hamisi aache ziwa siku hiyo hiyo. Mama akajipaka shubiri. Hamisi akaonja, akakunja uso, akamtazama mama kwa mshangao kabisa. Halafu akashika ncha ya kanga, akalifuta lile ziwa taratibu kama mtu anayefuta kikombe chenye vumbi, akajaribu tena. Mama alicheka, na katikati ya kicheko akanyanyuka akaingia chumbani, akafunga mlango.

Baba alimpakia kwenye keria ya baiskeli, amekaa upande, kikapu mapajani. Kabla hawajaondoka mama aliniita. Watu wetu hawakuwa na mambo ya kukumbatiana barabarani. Aliniweka sawa ukosi wa gauni, akasema, “Mwangalie mdogo wako. Mchana ndiyo kazi, usiku hana taabu.”

Na kweli usiku hakuwa na taabu. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka upande wa Nzega kutulea, na usiku Hamisi alilala ubavuni kwake kama gogo. Lakini adhuhuri! Jua likisimama utosini, vyombo vikishaoshwa na mtaa wote kutulia, yeye alianza kuzunguka nyumba. Alichungulia chumba kimoja, akachungulia kingine, akaenda uani kutazama nyuma ya pipa la maji. Akimaliza kukagua alikaa kizingitini akalia. Hakikuwa kilio cha deko. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekwisha kutafuta kila mahali, na kikianza hakikukoma hadi watu wanaadhini alasiri.

Hapo ndipo shangazi Tatu, dada yake baba aliyekaa nyumba ya pili, aliponiambia neno lililoniharibia usingizi wangu mimi. Alikuwa amempakata Hamisi, jasho linamtoka, mtoto anajipinda kama samaki. “Maskini wifi yangu,” akasema. “Mtoto akilia hivi, maziwa ya mama yake yanamchoma huko huko aliko. Hata awe wapi, ziwa linasikia.”

Jioni ile ile baba akarudi kutoka Kitete na salamu. Bibi akamuuliza mgonjwa anaendeleaje. “Sindano anachomwa,” baba akajibu, “lakini daktari anasema dawa kubwa ni kupumzika. Adhuhuri wagonjwa wote wanalazwa, hakuna ruhusa hata ya kunong’ona. Asiyepumzika hapati nafuu.”

Nilikuwa nimeinama nakuna nazi, nikaacha. Wakubwa walisema maneno mawili, moja mchana, moja jioni, wakayasahau. Mimi nikayaunganisha. Adhuhuri mama analazwa apumzike apone. Adhuhuri Hamisi analia. Hamisi akilia, ziwa la mama linamchoma, naye hawezi kulala. Basi Hamisi asipolala mchana, mama atakufa. Sikuona mahali pa kupita katika hesabu hiyo, na sikumwambia mtu, kwa sababu niliamini wote wanaijua na wanaogopa kuitamka.

Tukajaribu kila kitu. Bibi alimpa uji wenye asali ya msituni, akanywa, akapata nguvu mpya za kulia. Shangazi alifukiza ubani chumba kizima tukakohoa sisi. Mtu akatuambia kungumanga, ikakunwa kidogo kwenye maziwa ya ng’ombe. Hamisi akayatema yote kwenye kanzu ya baba ya Ijumaa. Tulimfunika kanga ya mama ya kushindia, ile iliyokuwa bado na harufu yake, na hapo akatulia. Akaishika, akaivuta puani, macho yakaanza kulegea. Nikawa sipumui. Kisha akaifunua kanga, akatazama chini yake, na alipoona hamna mtu akalia kuliko siku zote.

Jirani yetu Mama Zuhura, mwanamke mwenye huruma na mabinti tele, alikuwa ananyonyesha. Siku moja kelele zilimshinda akavuka ua, akasema, “Nipeni huyo mtoto, ziwa ninalo, la nini kumtesa?” Bibi alikuwa tayari ameshamnyooshea mtoto. Baba, aliyekuja kula, akasimama mlangoni na tonge mkononi.

“Hapana, mama. Akinyonya hapo, mabinti wote wale ni dada zake wa ziwa. Kesho akitaka mke atamuoa nani mtaa huu?”

“Mtoto hajamaliza kuota meno,” Bibi akamjibu, “wewe unamtafutia mke!”

“Sheria ni sheria.”

“Basi mlaze wewe na sheria yako.”

Mama Zuhura alicheka akarudi kwake, na baba alirudi kwenye cherehani bila kumaliza chakula. Leo nacheka nikikumbuka. Siku ile nilitaka kuwapigia kelele wote wawili. Nilimwona mama kitandani, macho wazi, ameshika kifua, na huku watu wazima wanabishana kuhusu harusi.

Ni Bibi ndiye aliyepata njia. Yeye na mimi tulikuwa na utani wetu. Aliniita mke mwenzake, kwa kuwa kwa utani mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na alinisingizia kila siku kwamba namnyang’anya mume. Adhuhuri hiyo alikuwa amekaa uani, miguu ameinyoosha, anamtazama Hamisi akigaragara.

“Mke mwenzangu,” akasema, “huyu tunamkosea. Tunamlaza chini. Unajua babu zake walikuwa nani? Wapagazi. Baba yangu amebeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, mama yangu yuko nyuma na sufuria kichwani, na mimi nimo mgongoni. Nimelala njia nzima! Tukifika kambini tu, mzigo ukitua, mimi macho. Damu ya wapagazi hailali palipotulia. Mbebe utembee.”

Akanifunga Hamisi mgongoni kwa mbeleko, akakaza fundo mpaka nikaguna. Akanifundisha na wimbo ambao wapagazi waliuimba ili mguu usichelewe. Ulikuwa wa kuulizana na kujibizana. Mmoja wa mbele anauliza, nani amechoka? Wa nyuma wanajibu, si mimi. Nani ameuona mlima? Si mimi. Mimi nilikuwa peke yangu, kwa hiyo niliuliza na kujibu mwenyewe.

Nikashika njia ya zamani ya misafara, ile itokayo mjini kuelekea Ujiji, yenye vumbi jekundu laini linalochoma nyayo. Saa hiyo hakuna mtu barabarani isipokuwa mbwa na wendawazimu. Hamisi alilia mpaka nyumba za mwisho. Kisha kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi, na ghafla nikasikia kichwa chake kimeanguka katikati ya mabega yangu, kizito, na mate yake yanaloanisha gauni. Nilisimama kwa furaha. Akaamka akalia. Nikatembea, akalala. Bibi alikuwa amesema kweli: akihisi mzigo umetua, macho. Basi sikusimama tena hadi alasiri.

Hivyo ndivyo yalivyokuwa maisha yangu miezi ile. Chuoni mwalimu wa Kurani aliacha kunitarajia mchana. Wenzangu walipokuwa wakicheza rede kivulini, mimi nilikuwa njiani, naenda na kurudi, naenda na kurudi. Wanawake waliotoka kuchanja kuni walinitania, “Ee binti, asiye na mwana aeleke jiwe, wewe unaye wa nani?” Nilijibu shikamoo tu, nikapita, kwa kuwa nikisimama kuzungumza kazi yote inaharibika. Nyayo zilipasuka. Mgongo ulizoea. Na kila alipolala nilisema moyoni, sasa mama amelala, sasa mama anapona. Sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na kazi iliyoonekana wazi namna hiyo, wala kuchoka kwa namna ile.

Siku moja nikageuza njia. Hamisi alikuwa amekwisha kulala, nami nikafikiri, kwa nini nisiende nikaone kama inafanya kazi. Nikakatiza mjini mpaka Kitete, huku natembea, sisimami. Wadi ya wagonjwa wa kifua ilikuwa kando, ina baraza ndefu, na vitanda vimepangwa barazani ili wapate hewa. Nilikuwa napitapita nje ya ua wa michongoma, nikiimba kwa sauti ya chini, muuguzi mmoja akatoka. Hakuwa mkali.

“Watoto hawaruhusiwi hapa, mdogo wangu. Na usiimbe, wamelala.”

“Wote wamelala?” nikamuuliza.

“Wote.”

“Na mama yangu?”

Akaniuliza jina la mama, nikalitaja. Akageuka akatazama baraza, akaonyesha kwa kidevu. Niliona shuka nyeupe na kichwa kilichogeukia ukutani. Angeweza kuwa mtu yeyote. Nilitaka kumwita, lakini ningemwita angeamka, na kuamka ndiko kulikokuwa kunamuua. Nikazunguka ule ua tena na tena, namtazama akilala, huku mdogo wangu analala mgongoni, na machozi yananitoka bila mimi kutaka. Kisha nikarudi nyumbani. Bibi aliponiuliza mbona nimechelewa nikamwambia jua lilikuwa kali.

Mama alirudi wakati mahindi yamekwisha kuvunwa. Daktari alikuwa amemwambia ni mzima, arudi alee watoto wake. Vigelegele vilipigwa kuanzia kwa Mama Zuhura hadi kwetu. Alikuwa amenenepa, nywele amekatwa, ananuka sabuni ya hospitali. Nilikwenda kumwamkia, nikashindwa hata kusema shikamoo, nikabaki nimemshika kanga. Akasema marahaba, marahaba, ingawa sikuwa nimesema. Hamisi alikuwa nyuma yangu, ameishika sketi yangu kwa ngumi zote mbili.

“Njoo, baba,” mama akamwita. Hamisi akachungulia, akarudi nyuma ya miguu yangu.

“Atazoea,” Bibi akasema.

“Atazoea,” shangazi akasema.

Adhuhuri mama akatandika mkeka mahali pale pale pa zamani. Akajilaza ubavu, akamchukua, akamweka karibu. Hamisi alimtazama usoni kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mgeni aliyeletwa na baba. Alipoona mimi natoka mlangoni akapiga ukelele ambao sikuwa nimeusikia tangu mwanzo wa balaa letu. Mama alimbembeleza kwa nyimbo zake za zamani, akampa mkono, akampa mpaka ziwa lililokauka. Alilisukuma kwa kiganja. Safari hii halikuwa na shubiri.

Siku iliyofuata mama akasema atambeba mwenyewe atembee. Bibi alimwambia hana nguvu bado, hakusikia. Akajifunga mbeleko, akashika njia ya misafara, akaimba kadiri nilivyomfundisha asubuhi. Hamisi hakulala. Alijipinda mgongoni mwake, shingo ameigeuza nyuma, ananitafuta. Nikaona nifuate ili atulie. Alinyamaza kweli, lakini hakulala; alikuwa ananitazama mimi bila kupepesa, asije akanipoteza. Tukaenda hivyo, mama mbele anauliza nani amechoka, mimi nyuma najibu si mimi, na mtoto katikati yuko macho. Mbele kidogo mama akaishiwa pumzi. Akakaa kando ya njia, akafungua fundo, akanikabidhi mtoto. Nilipopiga hatua chache tu, kichwa cha Hamisi kikanianguka mabegani.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza lile nililolibeba miezi yote. “Mama, kule hospitali, Hamisi alipokuwa akilia mchana, ilikuwa inakuchoma sana?”

“Nini kinichome?”

“Maziwa. Shangazi alisema ziwa linasikia.”

“Maziwa yalikauka mapema, mwanangu,” akasema. “Walinipa dawa. Nilikuwa nalala fofofo. Nilijilaumu kwa kulala vile.”

Njia yote ile, vumbi lote lile, na yeye alikuwa analala tu kwa dawa. Na ule usingizi niliouhangaikia ndio uliomfundisha Hamisi mgongo wangu na kumsahaulisha mama yake. Nilikuwa mtoto, sikuweza kulisema hivyo. Nilijua tu kwamba nimefanya kila nilichoagizwa, na kwamba kila kitu kimeenda mrama, na hakuna mtu wa kugombana naye.

Mtauliza kama Hamisi alimrudia mama. Alimrudia, watoto hurudi. Ilichukua muda, akamzoea, na leo akiwa mzee wa msikiti hakumbuki hata kimoja katika haya. Nikimsimulia anasema nimetunga. Lakini mimi nilikuwepo zile adhuhuri kabla hajarudi.

Mama hakujaribu tena kumlaza. Baada ya chakula aliniambia tu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, “Mlaze wewe. Akishalala, niletee.” Nikawa natembea naye mpaka azame kabisa, kisha narudi kunyatanyata. Mama alikuwa ananisubiri mkekani. Tulikwisha kujifunza namna ya kufungua fundo mtoto asisikie mzigo ukitua. Mimi napiga magoti, yeye anampokea kwa mikono miwili, tunashusha pamoja, hatupumui. Akimpata, alimweka kifuani, pua yake utosini kwake, akafumba macho. Mimi nilikaa pembeni nikiwafukuzia nzi.

Hakupewa muda mrefu. Hamisi alianza kugeuka, akanyoosha mguu, akatafuna mdomo. Mama aliyajua yale kuliko mimi. Alitoa mkono wake chini ya kichwa cha mtoto, kidole kwa kidole, akainuka upesi, akaniashiria nilale pale alipokuwa yeye, akatoka. Nikalala. Mkeka ulikuwa bado na joto lake. Hamisi akafumbua macho, akaniona, akacheka. Chini ya pazia la mlango niliviona vidole vya miguu ya mama, vimesimama pale pale, havisogei.